Binti wa Kamba Hakuomba Machozi Yetu

Lugha yetu imelitendea dhuluma neno "sarakasi". Mwanasiasa akigeuza kauli yake kati ya alfajiri na magharibi, gazeti huandika kwamba hizo ni sarakasi. Mkutano ukivunjika kwa matusi, ni sarakasi. Mdeni akimzungusha mdai wake mlango huu na ule, nazo pia ni sarakasi. Laiti waandishi hao wangemuuliza mtu mmoja tu aliyewahi kutembea juu ya kamba, angewaambia kuwa pale juu hila haina nafasi. Unyayo umekaa au haukukaa, na mwili unaodanganya huanguka mbele ya watu.

Naanza na neno kwa sababu mimi ni mtu wa maneno. Kiingereza changu nilikiokota vitabuni, pasi na mwalimu wala chuo, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikifasiri, kwa mwendo wa kobe, maandishi ya Waingereza wa zama za Malkia Victoria, aliyetawala tangu 1837 hadi 1901. Humo nimewakuta mabinti waliokulia katika sarakasi za kifamilia, na nimeona kuwa walidhulumiwa kwa kalamu pia, si kwa mjeledi tu. Mwandishi mmoja aliwaandika huku akilia, mwengine aliwaandika huku amelewa uzuri wao, na wote wawili hawakuona haja ya kuwauliza chochote. Ningeyaacha yapite kama mambo ya watu wa mbali na wa kale, lau nisingewaona washairi wetu wenyewe wakishika njia ileile. Msichana akipanda jukwaani katika tungo zetu, huwa ama ua ama yatima. Kwamba ana kazi, na kwamba kazi hiyo ina ufundi wake, hilo halimo katika vina wala katika mizani.

Basi natuitazame kazi yenyewe kabla ya kuitolea machozi. Philip Astley, askari mstaafu wa farasi, alianza kuonyesha michezo ya farasi London mwaka 1768, na duara alilolikubali mwishowe lilikuwa na upana wa futi 42, kiasi cha mita 13. Kipimo hicho hakikuchaguliwa kwa urembo. Farasi akikimbia kwa mwendo ulio sawa ndani ya duara la kadiri hiyo huinama kidogo kuelekea katikati, na mzunguko wenyewe humsaidia mpandaji kusimama wima juu ya mgongo usio na tandiko. Duara likiwa dogo mno, farasi hujikunja. Likiwa kubwa mno, msaada huo hupungua. Binti wa sarakasi aliyajua hayo kwa nyayo zake kabla ya kujua kusoma. Alijifunza akiwa amefungwa mshipi wa ngozi kiunoni, na kamba imepitishwa juu ili imdake anapoteleza. Mgongo wa farasi ulipakwa unga wa utomvu wa msonobari ili unyayo ushike. Alianguka, akapandishwa, akaanguka tena. Mashairi mangapi yametungwa juu ya tabasamu la msichana aliyesimama juu ya farasi, na ni mangapi yaliyotungwa juu ya ule utomvu?

Familia za sarakasi zilijulikana kwa majina: akina Cooke, akina Sanger, akina Hengler, akina Ginnett. Zilioana zenyewe kwa zenyewe, kama zifanyavyo koo za wafua chuma na za wajenzi wa majahazi popote duniani, kwa kuwa mke asiyejua kazi ni mzigo na mume asiyejua farasi ni hatari. Lakini neno "familia" tulishike kwa tahadhari. Wengi waliotangazwa kwenye mabango kuwa dada na kaka hawakuwa wa tumbo moja. Palikuwa na watoto waliowekwa kwa mkataba wa uanagenzi, wakapewa jina la bwana wa sarakasi, wakalala katika magari yake na kula chunguni mwake, na ujira wa jasho lao ukaenda kwake mpaka mkataba uishe. Huyo mtoto alilelewa au alitumikishwa? Mara nyingi yote mawili kwa pamoja, na mwenye kutaka jibu la neno moja aende akatafute hadithi nyepesi kuliko hii.

Nije sasa kwa wenye huruma. Mwaka 1884 Ellen Barlee alichapisha kitabu juu ya watoto wa maonyesho ya jukwaani. Mwaka 1889 Amye Reade akatoa riwaya iitwayo Ruby, juu ya namna wasichana wanavyofunzwa maisha ya sarakasi, na 1892 akaifuatiza na nyengine iliyowaita wanasarakasi watumwa wa vumbi la mbao. George Smith wa Coalville, aliyepata sifa kwa kuwatetea watoto wa matanuri ya matofali na wa mashua za mifereji, aligeukia watu waishio katika magari, akataka Bunge liyasajili na kuyakagua makaazi yao. Wenye maonyesho, George Sanger akiwa mbele yao, wakaungana kumpinga, na miswada yake ikaanguka.

Sisemi kwamba watu hawa walisema uongo. Mjeledi ulikuwapo. Walikuwapo mabwana waliomwadhibu mtoto kwa kuanguka, kana kwamba kuanguka kwenyewe hakukutosha kuwa adhabu. Na mauti yalikuwapo. Ellen Bright, binti wa miaka 17 aliyeingia katika vizimba vya maonyesho ya wanyama ya George Wombwell kwa jina la malkia wa simba, aliuawa na chui milia huko Chatham mnamo Januari 1850. Selina Powell, mwanamke mjamzito, alianguka na kufa tarehe 20 Julai 1863 katika bustani ya Aston, Birmingham, kamba ilipokatika chini ya miguu yake. Malkia Victoria aliamuru barua iandikwe kwa meya wa mji ule kueleza masikitiko yake, na ndani yake akatumai kuwa bustani ile, aliyoifungua yeye mwenyewe mwaka 1858, haitatumika tena kwa maonyesho ya namna hiyo. Nimeisoma habari hiyo mara nyingi na kila mara jicho langu hukwama papo hapo, kwenye bustani. Mwanamke amekufa na mimba yake, na hadhi ya majani nayo imepata nafasi katika barua ya taazia.

Ugomvi wangu na wenye huruma hauhusu kwamba waliona hatari. Unahusu hatari ipi waliyoiona na ipi waliyoifumbia macho. Mwaka 1879 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwakataza watoto walio chini ya miaka 14 kushiriki michezo ya hatari kwa maisha na viungo vyao. Mwaka 1897 ikapanuliwa kwa wavulana walio chini ya miaka 16 na wasichana walio chini ya miaka 18. Sheria njema, na mimi siisemi vibaya. Lakini ebu tuiweke ubavuni mwa dada zake. Mwaka mmoja tu nyuma, mwaka 1878, Bunge hilohilo lilipitisha sheria ya viwanda iliyomruhusu mtoto wa miaka 10 kufanya kazi nusu ya muda penye mitambo. Ina maana binti wa miaka 11 alikatazwa kuning'inia mbele ya watazamaji elfu, lakini aliweza kusimama kila siku mbele ya mashine ya kusokota pamba, mahali ambapo hakuna mtazamaji hata mmoja. Na si hayo tu. Tangu 1875 hadi 1885, sheria ya Kiingereza iliihesabu ridhaa ya msichana wa miaka 13 mbele ya mwanamume kuwa ridhaa kamili. Kwa kamba alikuwa mtoto. Kwa kitanda alikuwa mtu mzima. Bunge ni lile lile, na watu wale wale walioshika leso.

Mwenye akili atauliza: tofauti iko wapi? Tofauti ni macho. Binti wa kiwandani alipokatika kidole, hakuna muungwana aliyekuwa amelipa tikiti kumtazama, kwa hiyo hakuna aliyesutwa na nafsi yake. Binti wa sarakasi alitazamwa, tena akiwa amevaa suruali za kubana, na mtazamaji alirudi nyumbani akiwa na fadhaa moyoni asiyoijua kama ni hofu au tamaa. Nashuku kuwa sehemu kubwa ya ile huruma ilikuwa dawa ya fadhaa hiyo. Ushahidi nnao. Katika miaka ya 1870, mtembezaji wa maonyesho aliyejiita Farini mkubwa, jina lake hasa William Leonard Hunt, alimvalisha mvulana aliyemlea nguo za kike, akampa jina la Lulu na kumwonyesha kama msichana wa ajabu arukaye hewani. Alifanya hivyo kwa sababu alijua bei. Ruka ileile, mwili uleule, ikitangazwa kuwa ya msichana ilivuta watu zaidi. Aliyelipia tofauti hiyo ya bei ni nani, kama si baba zao na kaka zao wale waliokuja baadaye kuandika barua magazetini?

Farini huyohuyo ndiye aliyemfyatua Rossa Matilda Richter kutoka katika mzinga, tarehe 2 Aprili 1877, kwenye ukumbi wa Royal Aquarium huko Westminster. Watu walimjua kwa jina la Zazel, na alikuwa bado msichana mdogo. Mzinga ule haukufyatua kwa baruti. Ndani yake mlikuwa na mitambo ya springi, na baruti iliwashwa kwa ajili ya mlio na moshi tu. Alipaa, akadondokea kwenye wavu. Magazeti yalijaa mabishano: je, ni ukatili au si ukatili? Miaka miwili baadaye ndipo ilipokuja ile sheria ya 1879. Zazel alivuka kwenda Marekani kufanya kazi kwa Barnum. Nani katika mabishano yale yote alimuuliza alifunzwaje kuukaza mwili wake ndani ya lile bomba, na kuugeuza hewani ili auangukie wavu kwa mgongo? Lile ndilo lililokuwa lake. Moshi ulikuwa wa Farini.

Na kuna jambo jengine ambalo riwaya za machozi hazikuligusa, nalo ni mkoba. Kabla ya mwaka 1870, pato la mwanamke aliyeolewa Uingereza lilikuwa mali ya mumewe kwa mujibu wa sheria. Sheria ya mwaka huo ilimwachia chumo lake, na ile ya 1882 ikampa milki ya mali yake kwa ukamilifu zaidi. Sasa mfikirie mwanamke wa sarakasi wa miaka ya 1850. Akiwa mtoto, ujira wake ulichukuliwa na baba au na bwana wa mkataba. Akiolewa, ulichukuliwa na mume. Ikiwa mume ndiye mwenye hema, hata hapakuwa na ujira wa kuhesabu, kwani mke hufanya kazi "ya nyumbani", hata kama nyumba yenyewe ina tembo. Mwandishi wa riwaya angeandika kurasa mia tatu juu ya michubuko ya miguu yake, naye asiandike sentensi moja juu ya nani anatia fedha mfukoni baada ya onyesho. Michubuko hupona. Yasiyopona ni yale ya kufika uzeeni huna lako.

Haya, niwageukie waliolewa uzuri. Hapa nitamtaja mtu ninayempenda, nisije nikaonekana nachagua maadui wepesi. Charles Dickens aliandika Hard Times mwaka 1854, na mlango wa kuingilia kitabu kile ni binti wa sarakasi. Sissy Jupe, mtoto wa mchekeshaji, anaulizwa darasani aeleze farasi ni nini, naye anakosa la kusema, ilhali mvulana asiyewahi kulala karibu na zizi anatoa maelezo ya meno na kwato na kusifiwa. Ni mojawapo ya kejeli kali nilizopata kuzifasiri. Tena Dickens amempa hekima ya kitabu chote mzee Sleary, mwenye hema, mtu ambaye msomaji anamcheka kwa kuwa ana pumu na kithembe. (Namshukuru Mola kwa kuwa Kiswahili kina neno kithembe na kinajua kukiandika, wafasiri wa lugha nyengine sijui wanafanyaje.)

Lakini tazameni anachokifanya baadaye. Sissy anahamishwa kutoka hemani hadi nyumbani kwa muungwana, na humo anakuwa malaika wa subira, mfariji wa kila mtu, moyo usio na mwili. Katika riwaya nzima hatumwoni juu ya farasi hata mara moja. Anayepanda farasi ni Josephine, binti wa Sleary, naye tunampata kwa mistari michache: anacheza duarani, anaolewa na mpandaji mwenzake, na mwishoni tunaambiwa ana mtoto wa miaka mitatu ambaye tayari ni mpanda farasi. Kwa Dickens, binti wa sarakasi hustahili kuwa shujaa wa hadithi pale tu anapoiacha sarakasi. Anayebaki kazini huwa pambo la pembeni. Nami nasema Josephine ndiye aliyekuwa na riwaya. Alijua anachokirithi na anachokirithisha, na yule mtoto wa miaka mitatu juu ya farasi ni swali ambalo Dickens amelitupa kama mzaha na kwenda zake.

Wachoraji nao? Edgar Degas alimchora Miss La La mwaka 1879, akining'inia kwa meno chini ya dari la Cirque Fernando, Paris. Picha ipo National Gallery, London. Jina lake alikuwa Olga Brown, aliyezaliwa 1858 huko Stettin, mji wa Prussia wakati huo, baba yake mtu mweusi na mama mzungu. Mwaka huohuo wa 1879 alifanya kazi London, katika ukumbi uleule wa Zazel. Aliweza kuning'inia kichwa chini huku ameshika kwa meno mnyororo wa mzinga, na mzinga ukafyatuliwa. Waliomtangaza hawakuridhika na hayo. Walimbunia Uafrika wa mabango, kana kwamba mtu mweusi wa Stettin hakutosha kuwa ajabu. Degas angalau alifanya jambo moja la haki. Alimchora kutoka chini, mahali anapokaa mtazamaji, akaipa kamba na taya na mikono iliyokunjuka heshima ya jiometri. Hakumfanya ua. Hakumfanya yatima pia.

Najua nitakachojibiwa, kwa sababu nimeshajibiwa hivyo barazani. Kwamba natetea watoto kutiwa hatarini kwa ajili ya starehe. Kwamba sisi watu wa visiwani tuna haya zetu na mabinti wa nguo za kubana hawatuhusu. La kwanza nimeshalijibu: sheria ya 1879 ni njema, na ningetaka ingekuwa imekuja miaka thelathini kabla, Ellen Bright akiwa hai, na iwe imewataja simba pamoja na kamba. La pili ndilo linalonikera. Haya zetu tunazijua vilivyo. Tunamwalika mwimbaji harusini, tunamtunza kwa noti, na kesho yake uani tunamsema. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba mwaka 1880, alitungiwa mashairi ya kejeli na watu ambao sauti yake iliwafunika; naye akawajibu kwa wimbo. Aliyekuja kumwandika vyema alikuwa mshairi, Shaaban Robert, katika wasifu wake. Alimwandika kama mtu aliyeifanyia kazi yake jitihada, akasafiri kwa ajili yake, na akapata. Kwa hiyo mfano tunao nyumbani, na asiseme mtu kwamba jambo hili ni la Kizungu.

Na hao mabinti wa Kiingereza, ni nani aliyewaandika hivyo? Chukueni Ellen Chapman. Alikuwa malkia wa simba katika maonyesho ya Wombwell. Mwaka 1850, mwaka aliouawa Ellen Bright, aliolewa na George Sanger, akaishi katika kazi ya sarakasi mpaka akafa mwaka 1899. Nusu karne ya kukunja na kukunjua hema. Katika maandamano ya barabarani aliketi juu ya gari la fahari amevaa kama Britannia, na simba wa kweli miguuni pake. Mwaka 1910 mumewe alichapisha kumbukumbu za miaka sabini ya maonyesho, kitabu kitamu mno, na mengi tunayoyajua juu ya Ellen tunayajua kutoka kwa kalamu ya mumewe. Yeye hakuacha kitabu. Sijui simba alimwogopa au alimpenda, kwa sababu aliyelijua hilo hakuulizwa, na aliyeulizwa alikuwa na tikiti za kuuza.

Katika tafsiri ninayoiandaa nimeamua mambo mawili, na najua mhariri wangu hatayapenda. Popote Mwingereza alipoandika neno la kumdogosha, la kisichana cha sarakasi, nitaandika "mwanasarakasi", na popote alipoitwa kwa jina la bango nitatia mara moja jina alilopewa na wazazi wake, ikiwa linajulikana: Rossa Matilda Richter, Olga Brown, Selina Powell, Ellen Chapman. Nitaambiwa kuwa mfasiri hana ruhusa ya kumsahihisha mwandishi. Pengine. Lakini nimechoka kuyabeba mabango ya watu wengine na kuyabandika katika lugha yangu. Atakayeniona nimevuka mpaka na anijibu katika kurasa hizihizi, kwa nathari au kwa shairi, akipenda shairi nitafurahi zaidi. Ila akimtia binti wa kamba ndani ya beti zake, atuambie kwanza kamba ilifungwa wapi, na onyesho lilipokwisha fedha alishika nani.